UPS Inalia Betri Iko Chini: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Watu wengi UPS (kale kaboksi kenye betri kanakoendelea kulisha kompyuta umeme ukikatika) ikianza kulia na taa ndogo ya betri ikiwaka wanakimbilia kununua betri mpya, wanaifunga, baada ya muda mlio umerudi palepale, mwisho wanasema hii UPS mbovu na inatupwa. Betri ndo mtuhumiwa wa kwanza, sikatai, na kwa UPS iliyokaa miaka mitatu minne mara nyingi kweli ni yeye. Ila onyo la betri kuwa chini linaletwa na mambo manne tofauti: betri imechoka, au betri ni nzima ila haichajiwi, au mzigo uliochomekwa ni mkubwa kuliko inavyoweza kubeba, au umeme unaoingia ni mbovu kiasi kwamba UPS inakula betri wakati wewe unaona taa zinawaka kama kawaida. Matatu kati ya hayo betri mpya haiyatibu kabisa. Kwa hiyo tunaanza na vitu vya bure ambavyo havihitaji hata bisibisi, kufungua UPS kunakuja baadaye.

Nazungumzia hapa zile UPS za kawaida za kompyuta, ruta na seva ndogo, zenye betri ya risasi na asidi iliyozibwa, ile nyeusi au ya kijivu ya volti 12. Zenye lithiamu nitazigusa kwa ufupi mbele.

Sikiliza kwanza, onyo lenyewe linasema nini

Kuna maonyo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. La kwanza ni "betri inaisha", hili linakuja umeme ukiwa umekatika, UPS inakwambia chaji iliyobaki ni ya dakika chache, seivu kazi zako uzime. La pili ni "badilisha betri", hili linakuja hata umeme ukiwepo, kwa sababu UPS imejipima yenyewe na imeona betri haifikii kiwango. La kwanza linaweza kuwa ni UPS inafanya kazi yake vizuri tu, la pili ni malalamiko juu ya betri au njia ya kufika kwenye betri.

Milio inatofautiana kampuni na kampuni, kwa hiyo kitabu chake kama unacho kitafute, kama huna andika namba ya modeli iliyoko kwenye stika ya nyuma utaipata kwenye intaneti. Kwa nyingi mpangilio uko hivi: mlio wa mara moja moja kwa vipindi maana yake niko kwenye betri, mlio wa haraka haraka usiopumzika maana yake betri inakaribia kukata, na mlio mmoja mrefu uliokaza bila kukatika maana yake mzigo umezidi. Kwenye Back-UPS nyingi za APC kwa mfano, ikihamia kwenye betri inalia mara 4 kila baada ya sekunde 30. Ule mlio mrefu uliokaza watu wengi wanadhani ni betri imekufa, wanabadilisha betri, kumbe ilikuwa ni ombi la kupunguza vitu ulivyochomeka.

Jiulize maswali mawili ukisikia mlio. Umeme upo au haupo? Na kama haupo, ni muda gani umepita tangu ukatike? UPS iliyokaa kwenye betri dakika 15 na kompyuta juu yake halafu ikatoa onyo, hiyo haina tatizo. UPS iliyotoa onyo sekunde 20 baada ya umeme kukata, hiyo ndo ina kesi.

Angalia vya nje kabla hujagusa kitu

Hapa pananiuma kwa sababu ndo panapowaponza watu wengi na ni pa rahisi mno. Je UPS imechomekwa kwenye soketi ambayo swichi yake huwa inazimwa? Kuna maofisi na nyumba ambako mtu wa mwisho kutoka anazima swichi ya ukutani au ya ekstensheni, UPS yenyewe ikiwa bado imewashwa. UPS haijui kama umezima makusudi, yenyewe inaona umeme umekatika, inahamia kwenye betri na kuendelea kulisha chochote kilichobaki juu yake mpaka betri inaisha kabisa, na asubuhi umeme unawashwa betri ikiwa imelala tupu usiku mzima. Betri ya risasi ikikaa tupu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na kuwa ngumu, uwezo unapungua na haurudi. Ukiifanyia hivyo kila siku miezi michache inatosha kuiua hata kama ni mpya. Kama ni lazima kuzima, zima UPS yenyewe kwa kitufe chake kwanza ndo uzime ukutani, ila kilicho bora ni kuiacha ukutani muda wote ichaji.

Halafu nyingine, baadhi ya UPS zinachaji ilimradi zimechomekwa hata kama kitufe cha mbele kimezimwa, zingine hazichaji mpaka uziwashe. Hakikisha yako iko kundi gani.

Geuza nyuma uangalie kitufe kidogo cheusi cha kujilinda, kile kinachoruka mzigo ukizidi. Kama kimetokeza nje, umeme wa ukutani hauingii, UPS inaishi kwa betri tu mpaka iishe. Chomoa vitu, kirudishe ndani kwa kukibonyeza, jaribu tena. Angalia na waya wa umeme wenyewe kama umekaa vizuri pande zote mbili, maana zile plagi za kuchomoka nyuma huwa zinalegea ukisogeza meza.

Kama UPS ni mpya kabisa ndo umeitoa kwenye boksi na inalalamika betri, kuna uwezekano mkubwa betri haijaunganishwa. Nyingi husafirishwa na waya mmoja wa betri umechomolewa kwa usalama, unatakiwa ufungue kamlango ka betri uuchomeke. Na baada ya hapo iache ichaji masaa 8 mpaka 16 kabla hujaihukumu. Betri iliyokaa stoo inajishusha chaji yenyewe, kwa joto la kawaida kama asilimia 3 kwa mwezi, kwenye joto kali zaidi ya hapo, kwa hiyo UPS iliyokaa dukani mwaka mzima inakufikia njaa.

Piga hesabu ya mzigo

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya UPS ni VA (volti mara ampea), na VA sio wati. Kwa UPS ndogo wati halisi huwa ni karibu asilimia 60 ya hiyo namba, yaani ya 650VA unapata wati 390 hivi au chini kidogo. Angalia stika ya nyuma, wati zimeandikwa pale kwa maandishi madogo.

Sasa tuseme una kompyuta ya mezani inakula wati 120, monita 30, ruta 10, jumla 160. Betri ya ndani ni volti 12, ampea-saa 7, kwa karatasi hiyo ni wati-saa 84. Mtu anagawanya 84 kwa 160 anapata nusu saa na ushee, anategemea nusu saa, inapokuja dakika 12 anasema betri ni feki. Haiko hivyo. Zile ampea-saa 7 zimepimwa kwa kutoa umeme polepole masaa 20, yaani ampea 0.35 tu. Wewe kwa wati 160, ukijumlisha na zinazopotea kwenye kubadilisha umeme, unavuta karibu ampea 16 kwa mkupuo, zaidi ya mara 40 ya hiyo, na betri ya risasi ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu sana ya ilichoandikwa. Dakika kumi na kitu kwa mzigo huo na betri mpya ni afya kabisa. Faida ya hili jambo ni kwamba linafanya kazi kinyume pia: ukipunguza mzigo kutoka wati 160 mpaka 40, muda hauongezeki mara 4 tu, unapita hapo.

Kwa hiyo jaribio la bure kuliko yote ni hili: chomoa kila kitu, bakiza kitu kimoja kidogo kama ruta au taa, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Kama na hako kamzigo kadogo bado inatoa onyo na kukata ndani ya dakika moja mbili, tatizo liko kwenye betri au chaja. Kama inakaa muda mrefu bila shida, mzigo wako ndo ulikuwa tatizo, au betri imechoka kiasi lakini haijafa.

Printa ya leza isikae kwenye UPS, narudia isikae. Ndani yake kuna heta inayovuta mamia ya wati kila inapopasha, na inapasha mara kwa mara, kila ikivuta UPS ndogo inapiga kelele. Pasi, heta ya chumba, kifaa chochote chenye koili ya kupasha, vyote hivyo viende kwenye soketi ya kawaida. Na UPS nyingine zina soketi za aina mbili nyuma, upande mmoja una betri na upande mwingine ni wa kuzuia umeme mkali tu bila betri, soma maandishi yaliyopo maana kuna watu wamechomeka kompyuta upande usio na betri, umeme ukikatika inazima, wanalaumu betri iliyojaa tele.

Umeme unaoingia

Hili halionekani kirahisi. UPS ina kiwango cha voteji inachokikubali, ikishuka chini ya hapo au kupanda juu inahamia kwenye betri, ikirudi inarudi. Mahali ambapo voteji inayumba, UPS inaweza kuhama mara nyingi kwa siku, kila mara sekunde chache au dakika kadhaa, betri haipati nafasi ya kujaa, alafu umeme ukikatika kweli inakuta betri iko nusu na onyo linakuja mapema. Dalili ni kusikia "tak tak" ya rilei, yaani kile kiswichi kinachohamisha umeme, ndani ya UPS mara kwa mara wakati taa zinawaka, au mlio mfupi unaokuja na kuondoka hasa kikiwashwa kifaa kikubwa kama pampu au friji.

Pima voteji ya soketi kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, wakati hilo linatokea. Kama inashuka sana, tatizo ni la nyaya au la umeme wa eneo zima, mwite fundi umeme. Kwenye UPS nyingi unaweza kubadilisha ukali wake wa kuhisi, kwa vitufe vya mbele au kwa programu, ukiweka ukali wa chini inavumilia kuyumba zaidi kabla ya kuhama, na pawasaplai za kompyuta za siku hizi nyingi zinavumilia bila shida.

Jenereta nayo ni kesi yake. Jenereta ndogo zinayumba sio voteji tu hata masafa (zile hezi, mizunguko ya umeme kwa sekunde), na UPS ikiona masafa hayatulii inakataa kupokea umeme huo, inabaki kwenye betri huku jenereta inaunguruma nje. Mwenye UPS anaona onyo la betri chini wakati "umeme upo". Hapo tena kushusha ukali wa kuhisi kunasaidia, au kufanya jenereta itulie isibebeshwe mzigo unaowaka na kuzima hovyo.

Chajisha, kisha ijipime

Ukishamaliza hayo, iache UPS ukutani bila mzigo au na mzigo mdogo masaa 12 hivi. Usikate kauli juu ya betri iliyotoka kuisha jana usiku, UPS ndogo zina chaja ndogo sana na kurudi kwenye asilimia 90 kunachukua masaa 6 mpaka 8 au zaidi. Kama umeme unakatika mara mbili tatu kwa siku, inawezekana kabisa betri yako ni nzima na haijawahi kujaa wiki nzima.

Baada ya hapo fanya jaribio la kujipima. Baadhi ya UPS ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache inahamia kwenye betri yenyewe kwa muda mfupi, inapima voteji inavyoshuka, inarudi. Taa ya kubadilisha betri ikizima, mshukuru Mungu uendelee. Ikibaki inawaka, sasa ndo tunafungua.

Kupima betri yenyewe

Kabla ya mkono wako kuingia ndani: zima UPS, chomoa plagi ukutani, chomoa kila kitu nyuma, vua pete na saa na bangili. Betri ya volti 12 haikupigi shoti lakini ncha zake zikiguswa na chuma kimoja zinatoa mamia ya ampea kwa mkupuo, pete inageuka moto kidoleni. Na jambo ambalo wengi hawalijui, kwenye UPS nyingi ndogo upande wa betri haujatenganishwa na umeme wa ukutani, maana yake ukifungua ikiwa imechomekwa waya wa betri unaweza kuwa na umeme mkali dhidi ya ardhi. Kwa hiyo kuchomoa plagi sio ushauri, ni sharti. Bodi yenyewe usiiguse, kapasita zinabaki na chaji muda baada ya kuzima. Kama betri inatolewa kwa kamlango ka chini au ka mbele utatoa bila kuona bodi kabisa, kama mpaka ufungue kava lote kwa skrubu na hujazoea umeme, mpe fundi.

Ukiiona, iangalie kwanza kwa macho. Imevimba ubavuni? Ina ufa, ukungu mweupe au kijani kwenye ncha, harufu kama ya yai viza? Betri ya hivyo haipimwi wala haichajiwi, inatoka. Ikiwa imevimba hadi imekwama ndani usiichokonoe kwa bisibisi, legeza kava pande zote itoke taratibu. Angalia vichwa vya waya pia, kama vimelegea au vimeungua rangi ya kahawia tatizo linaweza kuwa ni mgusano mbaya tu: betri imejaa ila ikivutwa voteji inapotelea pale kwenye kichwa kilicholegea. Chomoa uvisafishe, vibane kidogo kwa koleo, rudisha. Baadhi ya UPS zina fyuzi ya betri kwenye njia hiyo, ile bapa kama ya gari, iangalie isije ikawa imekatika.

Sasa multimita, iweke kwenye volti za DC. Betri iwe imechomolewa na imepumzika masaa kadhaa, maana ikitoka tu kwenye chaji inaonyesha voteji ya uongo juu juu. Namba za kupumzika ziko hivi kwa makadirio: 12.8 kwenda juu imejaa, 12.6 robo tatu, 12.3 nusu, 12.0 imebaki robo. Ukisoma kama 10.6 kwenye betri iliyochajiwa usiku mzima, seli moja kati ya sita imekufa, kila seli ni volti mbili na kidogo na hiyo moja imeondoka, hapo hamna dawa.

Ila msomaji nakuomba ushike hili kuliko yote: voteji ya kupumzika peke yake haithibitishi kwamba betri ni nzima. Betri iliyokufa kiuwezo inaweza kukaa kwenye 12.8 vizuri kabisa, ni kama mgonjwa aliyelala kitandani anayekwambia hajambo, mpandishe ngazi ndo utajua. Inabidi uivute. Tafuta balbu ya taa ya mbele ya gari ya volti 12, wati 55, ambayo inavuta kama ampea 4.6, iunganishe kwenye betri kwa waya zenye vibanio, usiishike maana inakuwa ya moto sana, na uangalie multimita. Betri nzuri ya ampea-saa 7 iliyojaa itashuka kidogo mwanzoni halafu itulie, na baada ya dakika 10 bado itakuwa juu ya volti 11.5. Betri iliyochoka inaporomoka mbele ya macho yako, ndani ya dakika iko chini ya 11, nyingine inafika 10.5 balbu haijapata hata moto. Hiyo 10.5 ndo sakafu, volti 1.75 kwa kila seli, ukifika pale acha, kuendelea kuvuta chini ya hapo kunaiharibu.

UPS yenye betri mbili au zaidi zilizofuatana, pima kila moja peke yake chini ya mzigo. Mara nyingi ni moja tu inayoangusha wenzake, na UPS inaona jumla tu.

Je inachajiwa?

Betri ikifaulu jaribio la balbu lakini UPS bado inalalamika, au betri mpya imechoka haraka bila sababu, geukia chaja. Njia rahisi ni kuchajisha betri nje kwa chaja ya betri ndogo mpaka ijae, kuirudisha, kuiacha UPS ukutani siku nzima, kisha kuzima na kuchomoa kila kitu na kuipima tena mara moja. Kama chaja ya UPS inafanya kazi utaikuta karibu na 13. Kama imeshuka kuliko ulivyoirudisha, haichajiwi.

Mwenye ujuzi wa kupima kitu kikiwa na umeme anaweza kupima ncha za betri UPS ikiwa imechomekwa, na ninaposema mwenye ujuzi namaanisha kweli, kwa sababu ya ile hatari niliyoitaja. Anachotafuta ni 13.5 mpaka 13.8 kwa betri moja, mara mbili yake kwa betri mbili. Ikikwama 12 na kitu masaa mengi, chaja imekufa au betri inameza bila kujaa. Ikikaa juu ya 14.4 muda wote, chaja inakaanga betri, na hapo ndo chanzo cha betri zinazovimba kila unapoweka mpya. Usiweke betri ya tatu kwenye UPS iliyovimbisha mbili, tengeneza chaja kwanza au achana nayo.

Kununua na kufunga mpya

Soma ya zamani: volti, ampea-saa, vipimo, na aina ya ncha. Ya kawaida kabisa ni ya milimita 151 kwa 65 kwa 94, na ampea-saa 7 na 9 zinakuja kwenye umbo hilohilo, kwa hiyo mara nyingi 9 inaingia palepale pa 7, unaongeza muda kidogo na kuchaji kunachelewa kidogo. Ncha ziko za upana wa milimita 4.75 na za 6.35, pima, kichwa kipana kwenye ncha nyembamba kinalegea na mgusano unaungua. Betri zilizotengenezwa kwa ajili ya UPS zimejengwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi na nyingine zinaandikwa wati kwa kila seli badala ya ampea-saa, hizo ni bora kuliko zile za alamu na taa za dharura hata kama umbo ni moja.

Dukani omba kuona tarehe ya kutengenezwa na omba multimita. Betri "mpya" inayosoma chini ya 12.4 imekaa muda mrefu bila kuchajiwa, iache. Kama UPS inatumia betri zaidi ya moja badilisha zote kwa pamoja, za kampuni moja na umri mmoja. Kuweka moja mpya na moja ya zamani ni kuiua ile mpya, kwa sababu ya zamani inawahi kujaa na kuwahi kuisha na mwenzake haipati kiasi chake.

Wakati wa kufunga anza na nyekundu, malizia na nyeusi. Kacheche kadogo wakati wa kugusisha waya wa mwisho ni kawaida, ni kapasita za ndani zinajijaza. Usikosee rangi, kukosea kunaunguza fyuzi ukiwa na bahati na bodi ukiwa huna.

Vitu viwili vinavyopendwa sana ambavyo mi sivishauri. Kufunga betri ya gari nje ya UPS ndogo: chaja yake inatoa ampea moja hivi au chini ya hapo, betri ya ampea-saa 70 itachukua zaidi ya siku tatu kujaa ikitoka tupu, na bodi ya ndani imetengenezwa kubeba mzigo dakika chache sio masaa, inapata moto mpaka transista zinaungua, na betri ya gari ya maji inatoa gesi ya haidrojeni chumbani. Cha pili ni kuweka betri ya lithiamu kwenye UPS ya risasi kwa sababu tu imeandikwa volti 12. Lithiamu ya fosfeti inachajiwa kwa voteji tofauti na inashuka kwa namna tofauti, voteji yake inakaa juu karibu muda wote halafu inaanguka ghafla, UPS itakwambia imejaa na dakika hiyohiyo inakata. Kama unataka lithiamu nunua UPS iliyotengenezwa kwa lithiamu.

Betri mpya, onyo bado lipo

Hii inawachanganya watu. UPS nyingine zinakumbuka. Zina hesabu ya ndani ya umri wa betri au uwezo wake wa zamani, na hazijui kama umebadilisha mpaka uzijulishe. Chajisha masaa 12, fanya jaribio la kujipima, na kama kuna programu ingia uweke tarehe mpya ya betri. Zenye kazi ya kupima upya muda, ifanye mara moja tu betri ikiwa imejaa na mzigo wa kawaida umechomekwa, usiifanye kila mwezi kwa sababu inaimaliza betri mpaka chini kila mara.

Upande wa kompyuta napo pana maonyo yake. Ukiunganisha UPS kwa USB, Windows inaiona kama betri ya laptopu, na onyo unaloona kwenye skrini linafuata asilimia zilizowekwa kwenye mipangilio ya umeme, unaweza kuzibadilisha. Kwa Linux, ukitumia NUT (programu ya kusimamia UPS) andika upsc na jina la UPS yako uangalie ups.status: OL ni umeme upo, OB iko kwenye betri, LB betri iko chini, RB betri ibadilishwe. Ukiona OL na RB kwa pamoja, unajua ni malalamiko ya uzima wa betri na sio chaji. Kwa apcupsd, programu nyingine ya UPS za APC, amri ni apcaccess, soma BCHARGE (asilimia ya chaji), LOADPCT (asilimia ya mzigo), TIMELEFT (dakika zilizobaki) na BATTV (voteji ya betri). Angalia hizo namba umeme ukiwepo, kisha chomoa plagi uangalie dakika mbili tatu zinavyokwenda. TIMELEFT ikianguka kutoka dakika 20 mpaka 2 kwa ghafla, betri imechoka hata kama asilimia bado ni kubwa.

Kwa seva, usiweke izime betri ikiwa imebaki kidogo sana. Kama betri ina umri wa miaka miwili na zaidi, panga izime mapema, muda unaoonyeshwa na UPS yenye betri ya zamani huwa una matumaini kuliko ukweli.

Joto, na ile ya zamani

Betri hizi zinahesabiwa miaka 3 mpaka 5 kwenye nyuzijoto 25. Kila nyuzijoto 10 zinazozidi hapo umri wake unapungua karibu nusu. UPS iliyosukumwa nyuma ya meza ikabanwa na ukuta, au iliyokaa juani dirishani, au juu ya kifaa kinachotoa joto, itakula betri kila mwaka na nusu na hutajua kwa nini. Isogeze ipate hewa, futa vumbi kwenye matundu. Na ukiihifadhi stoo ichomeke ichaji kabla, kisha irudishe kwenye umeme usiku mzima kila baada ya miezi mitatu minne.

Andika tarehe ya kufunga kwenye betri mpya kwa kalamu isiyofutika, na nyingine kwenye stika nyuma ya UPS ili usihangaike kufungua. Ya zamani ziba ncha zake kwa tepu zisigusane na chuma, isimamishe wima, usiitupe na takataka wala usiivunje, ndani kuna risasi na asidi. Wauza betri na wanaokusanya chuma chakavu wengi wanazipokea na hata kukupunguzia bei ya mpya, kwa sababu ile risasi inayeyushwa na kutengenezewa betri nyingine, ila hakikisha unayempa anaipeleka kiwandani na sio mtu anayekwenda kuyeyusha uani watoto wakiwa wanacheza pembeni.